Mtoto wa mbwa analia kizimbani, jirani yangu amenyamaza

Shikamoo mama,

Naomba jina langu lisitoke. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Dar es Salaam. Tumepanga nyumba yenye uani wa pamoja, wapangaji watatu, choo kimoja na bomba moja. Mume wangu ni dereva wa lori, safari zake ni za Lubumbashi, akitoka anaweza kumaliza hata mwezi barabarani. Mimi nafanya kazi mjini. Natoka saa kumi na moja na nusu alfajiri nisikose gari, narudi saa moja usiku, na siku ya foleni inapita hapo.

Mwezi uliopita shemeji alikuja kutoka Moshi na mtoto wa mbwa ndani ya boksi, zawadi kwa mwanangu wa kiume ambaye yuko darasa la nne. Huyu mtoto tangu baba yake aanze safari ndefu amekuwa kimya mno, hata mwalimu wake ameshaniita kuniuliza kuna nini nyumbani. Siku ile mbwa alipotolewa kwenye boksi nilimsikia mwanangu anacheka mpaka nikatoka jikoni kuangalia. Kwa hiyo sikuweza kukataa, ingawa hakuna aliyeniuliza. Mbwa alikuwa na miezi miwili. Mwanangu akampa jina la Chui.

Nikaanza kutafuta kwenye simu namna ya kumlea. Video nyingi ni za Wamarekani, zinasema mbwa anapenda mahali pa kujificha kama pango, kwa hiyo mpatie kizimba umfungie humo, na akilia usimtoe, maana ukimtoa umemfundisha kulia. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea akanitengenezea cha nondo. Nilimwambia akifanye kikubwa kabisa, ili Chui akishakuwa mbwa mzima nisiingie gharama tena. Tukakiweka kwenye korido, karibu na mlango wa nyuma.

Hii ni wiki ya tatu sasa. Usiku analia mpaka sauti inakauka. Mwanangu nimemkuta amelala sakafuni pale kwenye korido, mkono ameupenyeza kati ya nondo, mbwa ameulalia. Juzi ameniuliza, "Mama, Chui amekosa nini?" Sikuwa na la kumjibu.

Ya mchana siyajui vizuri. Dada wa kazi anasema anamtoa. Lakini nikirudi nakuta kizimba kimejaa uchafu, mbwa amelowa mkojo, bakuli la maji limepinduka. Nilipombana akakiri kwamba humtoa mara moja tu, kwa kuwa ana binti yangu wa miaka mitatu wa kumwangalia, ana kufua, ana kupika, na mbwa akitoka anamrukia miguuni. Tena ni mimi mwenyewe niliyemwambia asimwachie uani.

Na hapo uani ndipo penye kidonda. Jirani yangu wa mlango wa pili ni mama wa makamo, Mwislamu wa kushika dini. Nilipojifungua binti yangu mume alikuwa Zambia. Ni huyu mama aliyenikanda kwa maji ya moto, akanipikia uji wa pilipili manga, akamwogesha mtoto mpaka nilipopata nguvu. Wiki ile ile Chui alipofika, alfajiri, mama huyu ametoka bombani kutia udhu, mbwa akachomoka mlangoni kwangu akamlamba mguu. Mama alisimama, akamtazama, akarudi bombani kuanza upya. Nilimwomba radhi, akasema haidhuru, basi. Tangu siku hiyo akipita anakusanya kanga yake juu na kuzungukia upande wa pili. Tulikuwa tunakaa pamoja barazani jioni za Jumapili. Sasa hatukai.

Mume wangu kwenye simu anasema nisijitese, mbwa wa ndani ni uzungu, atalegea na hatajua kulinda, nimfunge mnyororo nyuma ya nyumba atazoea. Dada yangu anasema arudishwe Moshi. Mimi nikikitazama kizimba naona jela. Nikikifungua naona mguu wa jirani yangu. Nikifikiria kumrudisha namwona mwanangu. Nifanyeje, mama? Nivumilie kilio kama video zinavyosema, au namtesa kiumbe wa Mungu?

Mama Chui, Dar es Salaam

*

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa usiku wa kukesha.

Umeniuliza kuhusu kizimba, lakini barua yako ina watu wengi waliokizunguka. Yupo mtoto aliyepata kicheko chake na anaogopa kukipoteza. Yupo mume aliye mbali anayetaka nyumba yake ilindwe. Yupo jirani aliyekulea ukiwa mzazi. Yupo dada wa kazi mwenye mikono miwili tu. Na wewe uko katikati, unatoka gizani na kurudi gizani, unajaribu kumridhisha kila mmoja kwa kukaza komeo la kizimba. Sioni mtu mkatili humo ndani. Naona mtu aliyezidiwa.

Nianze na Chui, maana mengine yanaweza kungoja wiki, yake hayangoji.

Wanaojua mbwa wana kadirio moja: mtoto wa mbwa hubana mkojo kwa saa zinazolingana na miezi ya umri wake, pengine uongeze moja. Chui hajatimiza miezi mitatu. Kwa hesabu hiyo ni saa tatu, nne akijitahidi sana. Wewe unatoka saa kumi na moja na nusu alfajiri na kurudi saa moja usiku, na katikati ametolewa mara moja. Uchafu unaoukuta basi si ukaidi, wala si dalili kwamba hafundishiki. Kibofu chake kimefika mwisho.

Na kuna jambo linalonipa wasiwasi kuliko kilio chenyewe. Mbwa kwa asili hukwepa kuchafua pale anapolala, na kizimba hufundisha kwa kutegemea tabia hiyo: anajizuia kidogo, anatolewa, anakojoa mahali pake, anasifiwa. Akilazimika kulala kwenye mkojo wake siku baada ya siku, tabia hiyo inakufa, na kuirudisha ni kazi ndefu. Kwa hiyo swali la kwanza si kama kizimba ni kizuri au kibaya. Ni nani yuko na Chui katika zile saa ambazo haupo.

Hizo video nazo ziulize maswali mawili matatu. Mara nyingi nyuma ya kamera yuko mtu anayeshinda nyumbani, au anayerudi mchana kumtoa mbwa. Marekani kizimba ni jambo la kawaida, ni kweli. Lakini Sweden na Finland sheria hairuhusu mbwa kufungiwa kizimbani nyumbani kama utaratibu wa kila siku, na mbwa wa huko wanajifunza kukojoa nje kama wengine. Na hilo la pango lina ukweli nusu: mbwa mwitu, ambao ndio asili ya hawa wetu, hutumia pango wanapozaa na kulea wadogo, wakishakua hulala nje. Tena pango halina komeo. Wapo mbwa wengi wanaokipenda kizimba chao na kuingia wenyewe kupumzika, nami sikatai, ila walizoeshwa polepole mlango ukiwa wazi. Kukipenda hakukuja kwa kufungiwa.

Kuhusu kumwacha alie, nitakuambia ninavyoona, uamuzi ni wako. Kuna mnung'uniko wa dakika chache, anajigeuzageuza halafu analala. Huo unaweza kuuvumilia, mradi umetoka kumkojoza. Kisha kuna kilio cha hofu: sauti inakauka, anatokwa mate, anang'ata nondo, anajichafua. Ulichonielezea kinafanana zaidi na hiki cha pili. Mtoto wa mbwa aliyetenganishwa juzi na mama yake na ndugu zake, akaachwa peke yake gizani, hajifunzi utulivu kwa kulia. Anajifunza kwamba mlango ule ukifungwa hakuna anayekuja. Wengine huvunja meno kwenye vyuma. Mkono wa mwanao kati ya zile nondo ulikuwa jibu zuri kuliko la video: Chui alikuwa anahitaji kujua kuna mtu karibu.

Kama utaamua kuendelea na kizimba, jaribu kukisogeza chumbani usiku, karibu na kitanda chako au cha mwanao. Weka ubao au boksi gumu ndani kukigawa, maana ukubwa ule uliomwagiza fundi unampa Chui kona ya kulala na kona ya kukojoa. Kinamtosha akiweza kusimama, kugeuka na kujinyoosha. Ubao utausogeza kadiri anavyokua. Pitisha kiganja chako ndani kwenye maungio, fundi wa kuchomelea mara nyingi huacha ncha kali, na angalia kama kichwa cha Chui kinaweza kupenya kati ya nondo na kunasa. Akiwa na mkanda shingoni, mvue kabla ya kufunga mlango. Na hili joto letu: korido yenye bati juu bila dari saa nane mchana si mahali pa kumfungia mnyama. Bakuli la maji lifungwe kwa waya lisipinduke.

Mchana, siku unapokuwa nyumbani, kaeni naye wewe na mwanao mlango ukiwa wazi. Mwekee kanga kuukuu ndani. Mpeni chakula chake humo humo. Mrushieni kipande cha kuku asiye na mfupa aingie, atoke, aingie. Akishakuwa anaingia kwa furaha, funga mlango wakati anakula, ufungue kabla hajaanza kulia. Kesho kidogo zaidi. Ni kazi ya kuchosha kwa udogo wake, lakini mtoto wa darasa la nne anaweza kuifanya vizuri sana. Mtoeni kila anapoamka, muda mfupi baada ya kula, na kila baada ya kucheza, mahali pale pale, na akimaliza msifuni hapo hapo, msingoje mpaka mrudi ndani. Usiku mtoe mara moja au mbili bila mazungumzo wala michezo, kisha arudi kulala. Asiwekwe humo kama adhabu, hata siku moja.

Sasa nikuulize jambo kwa upole. Katika barua yako kila mtu ameshasema lake kuhusu Chui. Shemeji amesema, mume amesema, dada yako amesema, mwanao amesema, hata ukimya wa jirani umeusikia. Dada wa kazi aliulizwa lini?

Yeye ndiye anayeshinda na mbwa huyu kutwa. Alikuja kwako kulea mtoto wa miaka mitatu, leo ana watoto wawili, mmoja wao ana meno. Huenda anaogopa. Wengi wetu tumekua tukiambiwa kung'atwa na mbwa ni sindano mfululizo, na kichaa cha mbwa kwetu si hadithi. Kumbana aseme ukweli kulimfanya akiri, lakini hakukumwezesha kufanya zaidi. Kaa naye siku ya utulivu, umuulize anaweza nini na hawezi nini. Pengine atakubali kumtoa asubuhi, saa nne na saa saba ukimpunguzia kazi fulani au ukimwongezea mshahara, na ukishamfundisha namna ya kusimama mbwa asimrukie. Pengine atasema hawezi kabisa, na hiyo ni haki yake. Likiwa hilo, afadhali ulijue sasa.

Kati ya kizimba na kumwachia kuna njia nyingine. Mnaweza kuzungushia kona ya korido uzio mfupi wa mbao, kizimba kiwe ndani mlango wazi, na upande wa pili beseni pana lenye mchanga. Chui atakuwa na pa kulala na pa kukojoa. Hasara yake ni kwamba atajifunza kwanza kukojoa ndani, na kumhamishia nje baadaye kutachukua muda. Faida ni kwamba hatalala kwenye uchafu. Mwanao akirudi shule anaweza kushika zamu ya alasiri, ila usimtwike yote. Darasa la nne lina upimaji wa taifa mwisho wa mwaka, na mtoto aliyepewa mbwa kama faraja asije akamwona ni mzigo.

Kuhusu jirani yako, nilisoma pale alipokusanya kanga nikajiuliza kama umekisoma kitendo kile jinsi alivyokikusudia. Kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, palipolambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa mtu anayeswali mara tano kwa siku, kukwepa mlango wako kunaweza kuwa tahadhari ya ibada tu. Inawezekana pia amekasirika, sijui. Inawezekana naye anaona wewe ndiye uliyejitenga, kwa sababu ya aibu. "Haidhuru" yake uliipokea mlangoni mkiwa mmesimama, hamjakaa.

Ningekuwa karibu nawe ningekushauri uende kwake bila mbwa, umuulize nini kingemrahisishia. Huenda atataka tu ajue saa ambazo Chui hatakuwa nje, na hilo linapangika, maana saa za swala zinajulikana. Huenda atakuomba mbwa asifike bombani. Usiende na hoja za kumshawishi kwamba mbwa ni mzuri. Mtu wa dini kama yeye anakijua kile kisa cha aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, Mungu akamsamehe. Hahitaji kukumbushwa na wewe. Hatari iliyopo ni kwamba anaweza kukuambia waziwazi hawezi kuishi na mbwa uani. Litauma. Lakini sasa hivi unamfungia Chui kwa sababu ya neno ambalo jirani hajalisema. Wakati uko hapo, mwenye nyumba naye anajua kuna mbwa?

Mume wako usimpuuze. Nyuma ya maneno yake ya mnyororo nasikia mwanaume aliye maelfu ya kilomita mbali, anayewaza mlango wenu usiku. Mueleze kwamba mtoto wa miezi mitatu halindi kitu, awe ndani au nje. Kubweka kwa kulinda huja akikomaa, na mbwa hulinda watu aliowazoea. Wiki hizi hizi, mpaka karibu miezi mitatu na nusu, ndipo mbwa anapojifunza nani ni wake na nini si cha kuogopa. Akizipitisha kwenye mnyororo nyuma ya nyumba anaweza kuwa mbwa wa kuogopa kila kitu, na mbwa mwoga ndiye hung'ata wenyeji. Uani kuna jua, kuna wezi wa mbwa, na kuna maradhi ya parvo, yanayoua watoto wa mbwa haraka. Banda lenye kivuli litafaa baadaye, mkikubaliana wapangaji wote.

Hapo hapo muulize shemeji kadi ya chanjo. Chanjo ya parvo huanza akiwa na wiki sita hadi nane, hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka afike wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akitimiza miezi mitatu, yaani karibu sasa. Afisa mifugo wa kata atakuelekeza. Dawa ya minyoo usiiahirishe, una mtoto wa miaka mitatu anayecheza sakafu ile ile. Mikono ioshwe kila wanapomgusa.

La mwisho, Moshi. Kumrudisha si aibu na si ukatili. Kwa mbwa, nyumba yenye mtu mchana kutwa inaweza kuwa bora kuliko kwako kwa sasa. Mnaweza hata kumwomba shemeji akae naye mpaka afike miezi sita, anapoweza kubana mkojo kwa muda mrefu na chanjo zimekamilika, kisha arudi. Ila mwanao tayari ana mtu mmoja anayempenda ambaye kila mara anaondoka. Ikifikia huko, aambiwe mapema, na yeye mwenyewe awe kwenye kumsindikiza; asirudi shule akakuta boksi tupu. Na swali lake la juzi bado linastahili jibu. Unaweza kumwambia Chui hakukosa kitu, na kwamba mama bado anatafuta namna.

Ongea kwanza na dada wa kazi, kisha jirani, kwa mpangilio huo ukiweza, halafu uniandikie walichokujibu. Mume tutamrudia ukishajua hao wawili wamesimama wapi.